Baba Mkwe Kwenye Kioo

Pale Ipyana, wilayani Kyela, ukitaka kujua nani alipanda bajaji na nani, na walikaa umbali gani kati yao, muulize Jeni. Hatakwambia, maana ana adabu zake, lakini atatabasamu, nawe utajua kwamba anajua. Kila asubuhi, kabla hajafuta kiti wala kupima mafuta, Jeni hufuta vioo. Bajaji yake ina viwili, kimoja kila upande, na huvifuta kwa kipande cha kitenge kikuukuu, akivigeuza kidogo huku na kidogo kule, akirudi kukaa, akiinuka tena, mpaka barabara yote ya nyuma iingie ndani kama uzi kwenye tundu la sindano.

"Mama Angetile, unatafuta bwana humo?" humchokoza Ambrose, dereva mwenzake pale kijiweni.

"Natafuta madereva wasio na breki," Jeni hujibu. "Wewe nimeshakuona."

Alizaliwa ng'ambo ya Matema, kwa wafinyanzi, pale ambapo mlima umesogea ziwani mpaka watu wamebakiziwa kipande cha mchanga cha kukalia. Utoto wake wote ulikuwa wa kubeba vyungu. Na mtu mwenye chungu kichwani hageuzi shingo. Akiitwa husimama, akazungusha mwili mzima polepole kama mlango wa kanisa. Kwa hiyo siku aliyokaa kwenye kiti cha dereva na kuona kwamba unaweza kutazama mgongoni kwako bila kugeuka, Jeni alicheka peke yake. Aliona binadamu wamefikiri jambo la maana sana, na wakaliacha lining'inie tu hapo pembeni bila kulisifu.

Bajaji yenyewe aliinunua mumewe, Lugano, mwaka ambao kakao ilikuwa na bei. Lugano ni mtu mwema na mkulima hodari, lakini yeye na usukani hawakuzaliwa tumbo moja. Aliiingiza bajaji kwenye mfereji wa mpunga. Ikatolewa. Akaiingiza tena kwenye mfereji uleule, safari hii akitokea upande wa pili, ili mtu asiseme kwamba hajifunzi. Ndipo Jeni akaenda kusomea udereva, akapata leseni, na Lugano akarudi shambani kwake akiwa na furaha ya mtu aliyeachiwa kutoka jela.

Basi, katika maisha ya Jeni kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumwangalia, si kwa kioo wala kwa macho. Naye alikuwa anaishi naye ua mmoja.

Mtu huyo ni Mzee Asegelile, baba yake Lugano. Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye pamoja, haongei naye moja kwa moja. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Wapo wakwe na wakamwana wanaokaa benchi moja kanisani, na hakuna radi iliyopiga. Lakini Mzee Asegelile alikuwa mtu wa zamani kwa moyo wake wote, na Jeni alikuwa ametoka kwa watu wengine, huko ziwani. Hakutaka aje asemwe kuwa ndiye mgeni aliyeibomoa nyumba. Kwa hiyo aliushika mwiko huo kuliko hata wenyewe walivyoushika.

Alimjua baba mkwe wake kwa miguu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeelekea nje, kama indiketa iliyosahauliwa ikiwaka. Alimjua kwa mwavuli wake mweusi, ambao kwa Kyela hii ya mvua huwezi kumlaumu mtu kwa kuubeba mwaka mzima. Na alimjua kwa kikohozi. Kila alipokaribia kona ya nyumba mzee alikohoa, na kikohozi hicho ndicho kilikuwa honi yake. Jeni naye aligonga sufuria kwa mwiko wa ugali kumjulisha kwamba amesikia, kisha akajitoa njiani. Hawakuwahi kugongana. Madereva wengi wangepaswa kwenda kusomea pale uani.

Wala usidhani kwamba hawakupendana. Jeni akiugua, kulikuwa na papai linalotokea lenyewe juu ya jiwe, kwenye njia ya bombani anayopita yeye tu. Na siku ya samaki, kichwa cha mbasa kilikwenda kwa mzee bila kuulizwa, na sahani ilirudi ikiwa imesafishwa mpaka ua la chini linaonekana. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu.

Mwanzoni alisingizia taa. Baadaye akasingizia wachapaji wa Biblia, kwamba siku hizi wanabania wino. Lakini asubuhi moja alisimama mbele ya mgomba ambao mtu alikuwa ameuanikia koti, akavua kofia, akasema, "Mugonile." Mgomba ukanyamaza. Mzee akausalimu mara ya pili. Mgomba ulipoendelea na kiburi chake, akaukaripia kwa sauti kubwa juu ya malezi ya siku hizi, mpaka mkewe akaja kumshika mkono.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na bahati ikaja: madaktari wa macho kutoka Mbeya walifika hospitali pale mjini Kyela kwa siku chache, wakitoa ukungu huo na kuweka lenzi. Lugano alimpigania baba yake nafasi, akaipata siku ya mwisho. Baada ya hapo madaktari wangeondoka, na hakuna aliyejua wangerudi lini.

Mpango ulikuwa mzuri. Ambrose angempeleka mzee kwa bajaji yake, na Lugano angetangulia alfajiri kwa baiskeli akashike foleni. Lugano akatangulia. Ndipo Ambrose akapiga simu kusema kwamba kebo ya klachi imekatika na fundi hajaamka.

"Basi apande bodaboda," alisema Jeni jikoni.

Mama mkwe wake alimwangalia kama mtu anayependekeza mzee apande punda. "Baba yako akumbatie mgongo wa kijana? Unamjua huyo?"

"Namjua miguu, mama."

Bajaji ilikuwa pale nje, vioo vyake vimeshafutwa. Dereva alikuwa huyo mmoja.

Ni mama mkwe aliyepata akili. Aliingia ndani akatoka na kitenge kizima, chenye picha za tausi, akakifunga kwenye bomba la chuma lililo nyuma ya kiti cha dereva, huku na huku, kikashuka mpaka sakafuni. Bajaji ikawa nyumba ya vyumba viwili. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake, akaridhika, kisha akaona kasoro.

"Na hivi?" Akaonyesha vioo. "Yeye hupenda kutoa kichwa nje apate hewa. Si utamwona humu?"

Mkono wa Jeni ulikwenda kwenye kioo cha kulia ukakigusa, kama mtu anayemgusa mtoto kabla ya kumwamsha. Halafu akakigeuza kitazame mbinguni. Akakigeuza na cha kushoto.

Mzee akakohoa. Jeni akainamisha kichwa. Akasikia kiti cha nyuma kikilalamika, mwavuli ukigonga chuma, na safari ikaanza.

Hawakufika hata kwenye kona ya kanisa mzee akaanza kuongea. Kuongea na mkamwana hakuruhusiwi, lakini hakuna mila iliyokataza mtu kuongea na chombo cha usafiri.

"Wewe bajaji," alisema nyuma ya tausi, "mwambie anayekuendesha kwamba tunakwenda kutibiwa macho, siyo kwenda kuzikwa."

Jeni akapunguza mwendo. "Bajaji, mwambie baba tumechelewa."

"Bajaji, mwulize, hiyo sauti ya kro-kro-kro ni yako au ni yake?"

"Bajaji, mwambie baba ni yako. Mimi nimeshakunywa chai."

Nyuma kukatoka sauti ambayo kwa mtu asiyemjua mzee ingekuwa kikohozi.

Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara iwe na madimbwi, na dimbwi ni kitu cha uongo, huwezi kujua kina chake. Jeni aliyakwepa moja baada ya jingine. Kila alipotaka kukwepa, jicho lake lilikwenda kwenye kioo cha kulia kwa mazoea, na kila mara alikuta wingu. Mara ya kwanza alishtuka. Mara ya pili alijiambia hakuna kitu nyuma, angesikia. Lakini bajaji yenyewe ina kelele, na baba mkwe ana kelele, na yeye alikuwa anaendesha kama zamani alivyotembea na chungu: shingo moja kwa moja, na dunia yote ya nyuma amewaachia wengine.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Lugano, imejaa watu. "Mko wapi? Wameanza kuita majina! Baba wamemwita mara moja!"

"Tunakuja," alisema Jeni, akaitupa simu mapajani, na hapo hapo akaliona shimo pana mbele. Akakata kulia.

"Bajaji," alisema mzee, "nyuma kuna kitu kimeanguka."

"Bajaji, mwambie baba ni shimo."

"Bajaji, shimo halipigi kelele likamtaja mama yake mtu."

Mbele, kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme, trafiki alikuwa ameinua mkono. Alikuwa mwanamke, sare nyeupe kama mchele uliopetwa, na Jeni alimfahamu kwa jina: Afande Doreen, aliyehamia Kyela karibuni akitokea Singida.

"Zima injini, mama. Umeona ulichofanya huko nyuma?"

"Nimefanya nini, afande?"

"Ndiyo swali langu." Doreen akaonyesha kwa kidole.

Jeni akashuka, akageuka mwili mzima. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu kwenye mfereji. Mikungu ya ndizi ilikuwa imetapakaa barabarani, mingine inaelea kwenye maji ya mpunga kama bata wa kijani. Na katikati yake alikuwa anainuka kijana, matope mpaka masikioni, goti linatoka damu. Alikuwa Ebeneza, bodaboda wa palepale Ipyana.

"Mama Angetile!" alipiga kelele akija anachechemea. "Ni wewe? Yaani ni wewe? Nimepiga honi mpaka dole gumba limechoka! Wewe ambaye hata inzi akikufuata unajua!"

Doreen alikuwa ameshaizunguka bajaji. Alisimama mbele ya kioo cha kulia, akainama, akakitazama, kisha akainua uso juu kutafuta kile ambacho kioo kinatafuta.

"Hiki kinaangalia wapi? Unasubiri ndege?" Akaenda upande wa pili. "Na hiki kinaangalia ndege hiyo hiyo." Kisha akaona tausi. "Na hili pazia? Mama, umebeba maiti?"

"Sijafa," alisema mzee ndani ya kitenge.

Doreen akalifunua pazia. Mwavuli mweusi ukafunguka ndani ya bajaji kwa kishindo, pwaa, na uso wa mzee ukatoweka nyuma yake. Yakabaki magoti, viatu vya kanisani na kidole gumba kinachochungulia kwenye tundu la kiatu pembeni.

Watu walishaanza kukusanyika, kama kawaida ya watu. Mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyemweleza afande, kwa kirefu na kwa mikono, habari za baba mkwe na mkamwana. Doreen alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo liliwashangaza wote.

"Mimi mila za watu naziheshimu," alisema. "Hata kwetu zipo. Lakini dereva lazima aone nyuma yake, sheria ndivyo inavyosema, na sheria haina mkwe. Huyu kijana angeangukia upande wa barabara badala ya mfereji, na lori likawa linapita, tungekuwa tunaongea nini sasa? Hapa haiondoki bajaji mpaka pazia litoke, vioo vigeuzwe, na wewe mama ukae hapo kwenye kiti uniambie kwa mdomo wako unaona nini nyuma."

Simu ikaita tena. "Wamemwita mara ya pili!" Lugano alikuwa anahema. "Muuguzi anasema akiitwa mara ya tatu hayupo, wanamruka!"

Hapo kila mtu akawa mshauri. Mmoja alisema mzee alale sakafuni. Mwingine akasema akae ameelekea nyuma kama anayeaga watu. Muuza vitumbua akaleta ndoo, safi kabisa, akasema kwa heshima kwamba ingemwenea kichwani.

"Bajaji," sauti ilitoka nyuma ya mwavuli, "waambie hawa kwamba nilikuwa mzee wa kanisa kabla mama zao hawajabatizwa. Ndoo!"

"Basi mimi nimwendeshe," alisema Ebeneza, matope yanamdondoka kidevuni.

"Bajaji, mwambie huyu kijana aanze kwanza kujitoa yeye mfereji masikioni."

Watu wakacheka, na Ebeneza naye akacheka, akashika goti lake akakunja uso. Jeni aliliona lile goti. Damu ilikuwa imeteremka mpaka kwenye soksi, nyembamba, imenyooka. Hakuwa na sababu ya kuitazama kwa muda mrefu, lakini aliitazama.

Alirudi akakaa kwenye kiti chake. Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kioo na kusimama hapo bila kukigeuza. Alijua akikigeuza kitaleta nini. Kitaleta barabara, na mbele ya barabara kitaleta uso. Miaka yote hii alikuwa amejitoa njiani, amegonga sufuria, amezunguka nyumba kwa jua na kwa tope, ili hata wale waliomwita mtu wa ziwani wasipate neno. Sasa alikuwa anatakiwa kulitoa neno hilo mwenyewe, mbele ya watu, mchana kweupe, tena amsomee askari kwa sauti.

"Bajaji," alisema Jeni. "Bajaji, mwambie baba huyu kijana ana mama yake. Mwambie leo ningemuua kwa adabu yangu."

Mtu angeweza kusikia maji yakipita mferejini, yakizunguka ndizi.

Kisha mwavuli ukafungwa, polepole, ubavu kwa ubavu.

"Bajaji," alisema mzee, "mwambie ageuze kioo. Mimi sioni. Hata akiniangalia, mimi simwoni, kwa hiyo mwiko umevunjika nusu tu. Nusu hiyo Mungu ataisamehe, ameshasamehe makubwa."

Jeni alishika kioo. "Bajaji, mwulize baba: tunakwenda kumfungua macho. Wakati wa kurudi je?"

Mzee akafikiri. Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo halikuwa limemfikia.

"Kurudi ni kurudi," alisema. "Kwanza twende."

Jeni akakigeuza kioo.

"Haya, unaona nini?" aliuliza Doreen.

"Naona barabara," alisema Jeni. "Naona pikipiki ya Ebeneza. Naona mama wa vitumbua, ameshika ndoo. Naona ng'ombe anakula ndizi ya watu." Watu wakageuka, ilikuwa kweli, mmoja akakimbia kumfukuza. "Naona..."

Kwenye pembe ya kioo alikuwa amekaa mtu mdogo kuliko alivyodhani. Alikuwa amekohoa kama mtu mkubwa miaka yote ile. Masikio yake yalikuwa ya Lugano, yaleyale yaliyosimama kama vishikio vya chungu. Kofia alikuwa ameipakata. Na macho, yale macho ambayo hayakuona kitu, alikuwa ameyafumba kwa nguvu zake zote, midomo ameibana, kama mtoto anayepewa kwinini. Asiyeona alikuwa amefumba macho ili asimwone.

Jeni akaziba mdomo kwa mkono. Haikujulikana kama anacheka.

"Unaona nini tena, mama?" Doreen alirudia, taratibu sasa.

"Namwona baba," alisema Jeni.

Afande alikivuta kitenge, akakikunja vizuri kona kwa kona, akampa mzee mapajani. "Nenda. Leo ni onyo. Nikikukuta tena na vioo vinavyotafuta ndege, nitakuandikia mpaka kalamu iishe. Na wewe Ebeneza, ukirudi kuwa msafi tutaongea habari za kuovateki karibu na shimo."

"Afande, mimi ndiye niliyeanguka!"

"Ndiyo maana nitaongea na wewe kwa upole."

Hospitalini walimkuta Lugano amekalishwa kwenye kiti, kidevu juu, muuguzi ameshika kichupa cha dawa ya matone. Jina lilikuwa limeitwa mara ya tatu, na Lugano, kwa kuogopa nafasi isipotee, alikuwa ameitika "Nipo!" kwa niaba ya baba yake, halafu akakosa ujasiri wa kueleza.

"Mzee Asegelile, mbona huna mvi hata moja?" muuguzi alikuwa anamwuliza.

"Ninakula sana mchele wa hapa," alisema Lugano, jasho linamtoka.

"Mwanangu," alisema mzee akiingia ameshikwa mkono, "shuka hapo kabla hawajakutoa macho mazima."

Alifanyiwa jicho moja siku hiyo. La pili waliahidi kulishughulikia watakaporudi, na safari hii wakataja mwezi. Alilala palepale na bandeji, Lugano akalala chini pembeni yake, na asubuhi bandeji ikatolewa, Jeni akaja kuwachukua.

Alikuwa amekuja mapema mno. Alifuta vioo, akavipanga, akavifuta tena. Hakufunga pazia, mama mkwe alikuwa amelitaka lirudi kabatini, akasema tausi hawakuzoea kutazamwa na askari. Kutoka mlangoni Jeni akasikia kikohozi. Akainamisha kichwa kama siku zote. Akaviona viatu vya kanisani vikija, na jambo jipya: vilikuwa vinakwepa madimbwi. Vilisimama karibu na gurudumu la mbele muda mrefu kidogo. Lugano, ambaye huongea panapotakiwa kunyamazwa, alijishughulisha na baiskeli yake.

Viatu vikapanda. Kiti kikalalamika.

Jeni akawasha injini. Akatoka langoni akiangalia mbele tu, akapita sokoni akiangalia mbele, akafika barabara ya Ipyana. Na hapo ikabidi. Kulikuwa na shimo mbele, lilelile la jana, na dereva hawezi kulikwepa shimo kwa imani. Akainua macho kwenye kioo.

Jicho moja lilikuwa bado na ukungu wake mweupe. Lile jingine, jipya, limejaa maji kidogo, lilikuwa linamtazama. Halikufumbwa. Wala halikukaza kumwangalia. Lilikuwa kama mtu aliyekuja kubisha hodi nyumba ya jirani, akakuta mlango umeshafunguliwa.

Jeni alisubiri kitu kitokee. Injini ikaendelea na kro-kro-kro yake.

Mzee akakohoa. Akageuza shingo, taratibu, akachungulia kwenye kile kidirisha cha plastiki kilichopo nyuma ya bajaji.

"Mama Angetile," alisema. Bila kuiambia bajaji. "Kuna lori nyuma."

"Nimeliona, baba."

Lori likapita. Jeni akakwepa shimo.

"Kuna baiskeli."

"Nimeiona. Ni Lugano."

"Ni Lugano kweli." Mzee akasogea karibu na kidirisha, akafuta ukungu wa pumzi yake kwa kiganja. "Hajui kuendesha na hiyo nayo. Kuna mbwa, mwekundu. Kuna wanawake wawili wana ndoo, mmoja ana gauni la njano. Njano kabisa! Mama Angetile, unaliona?"

"Naliona, baba."

"Na yule nyuma yao ni nani, anatembea kama amemeza ufagio?"

Jeni alitazama kioo cha kulia, kisha cha kushoto. "Yule ni mgomba, baba."

Mzee akakaza jicho lake moja mpaka alipohakikisha.

"Huo nilishawahi kuukaripia," alisema. "Endesha."